Motokaa Kuukuu Iliyoshinda Safari

  Somo letu la leo ni la historia, nalo lahusu motokaa moja kuukuu. Nimelichagua kwa sababu wengi wenu mnaweka akiba, mmoja mmoja au katika vyama, mpate kununua motokaa ya kuchukulia mazao au abiria. Fedha ile ni jasho la miaka mingi, nayo hutoka kwa siku moja.

Tuanze mwaka 1953. Mwaka huo, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, yalianzishwa mashindano ya motokaa katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yalijulikana duniani kote kwa jina la Safari. Motokaa zilipita katika barabara zetu hizi hizi, zenye vumbi na mashimo. Na kwa kuwa mashindano yalizoea kufanywa wakati wa Pasaka, masika nayo ilikuwa imeingia, na matope tele. Mwanzoni ilikuwa sharti motokaa ziwe kama zile ziuzwazo dukani, nazo ziligawanywa makundi kwa bei zake. Basi mtu wa kawaida aliweza kusimama kando ya njia akajionea mwenyewe ni ipi yenye kuvumilia. Njia ilikuwa kali kweli kweli. Mwaka 1963 zilianza motokaa 84. Zilizofika ni 7.

Mwaka 1964 kampuni ya Volvo ya Sweden ilileta motokaa zake za aina ya PV544, pamoja na madereva hodari kutoka Ulaya. Hazikufanikiwa. Mashindano yalipokwisha, moja katika hizo ilinunuliwa na mtu wa Kenya, Joginder Singh.

Huyu Joginder alizaliwa Kericho mwaka 1932. Baba yake alitoka India, akawa na gereji, na kijana akajifunza ufundi humo. Baadaye Joginder aliajiriwa na chama cha wenye motokaa cha Afrika Mashariki, kazi yake kuzunguka barabarani na kuwasaidia waliokwama. Ifikirini kazi hiyo. Kila siku unafungua boneti ya motokaa ya mtu mwingine, na mwenyewe amesimama nyuma yako akiuliza: imekufa nini?

PV544 haikuwa motokaa ya fahari. Umbo lake, lenye mgongo wa mviringo, lilitokana na motokaa iliyoanza kuuzwa mwaka 1947, na kiwanda kiliacha kabisa kuitengeneza mwaka 1965. Mtu apendaye mambo mapya angeipita bila kugeuza shingo. Lakini bodi yake ilikuwa imara, na ndani ya injini yake ya lita 1.8 shafti la krenki lilishikwa na beringi 5. Beringi ni vile vishikizo vya chuma ambamo shafti huzunguka. Injini nyingi za ukubwa ule zilikuwa na beringi 3 tu. Ni kama kuchukua jiwe zito: watu watano hawachoki upesi kama watatu.

Joginder na nduguye Jaswant waliitengeneza motokaa yao, wakaingia nayo katika Safari ya 1965. Kwa kura walipata namba 1, na tuseme kweli, hiyo ilikuwa bahati, maana anayetangulia hali vumbi la mtu. Lakini namba nzuri haizuii springi kuvunjika. Walimaliza wa kwanza, wakamwacha wa pili kwa dakika 100 hivi.

Sasa nawauliza: kwa nini motokaa ishindwe mikononi mwa kampuni yenye mali, kisha ishinde mikononi mwa ndugu wawili? Wengine hujibu kwamba ni dereva. Sikatai, Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976, kwa Mitsubishi Lancer. Lakini mimi naona jambo kubwa ni ule ufundi. Fundi hujua kiungo kipi kimechakaa na kipi kingali kizima, naye hulipa bei ya kile kilicho kizima. Asiyejua hulipa bei ya rangi.

Siku hizi motokaa nyingi zilizokwisha tumika hutujia kwa meli kutoka Japani, zikishushwa Mombasa na Dar es Salaam. Wajapani hupita upande wa kushoto wa barabara kama sisi, kwa hiyo usukani wao watufaa. Kenya haipokei motokaa iliyopita miaka 8. Hata hivyo umri peke yake hausemi mengi, wala mita ya kilomita si ya kuaminiwa, kwani yaweza kurudishwa nyuma. Tazama pedali. Ikiwa mpira wake umelika hadi chuma kinaonekana, na mita yasema kilomita 40,000, ujue mita yadanganya.

Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi. Ukikuta mwenye mali amekwisha ipasha moto, mwambie utarudi kesho, kwa maana injini iliyochoka hujificha ikisha pata joto. Iwashwe mbele yako. Moshi wa buluu maana yake inakula oili. Moshi mweupe usiokoma, na maji ya rejeta yanapungua, ni ishara mbaya. Fungua kifuniko cha oili: ukiona uji mweupe kama maziwa, maji yameingia katika oili, na hapo funga mkoba wako urudi nyumbani. Kisha inama, utazame chini kama pana mahali palipochomewa upya. Wako watu ambao hupiga tairi teke tu, wakaridhika. Sijui hutafuta nini.

Nenda na fundi wako, asiwe rafiki wa muuzaji. Muulize pia kama spea za aina ile zapatikana mjini kwenu. Wala usitoe akiba yote siku ya kununua. Weka fungu la matengenezo, maana hata ile Volvo haikuingia barabarani kabla ya kupita mikononi mwa mafundi.

Kusoma nako kutakufaa hapa. Motokaa ya mnada wa Japani huwa na karatasi yake ya ukaguzi. Maandishi ni ya Kijapani, lakini penye alama ya daraja ukiona herufi R, motokaa ile iligongwa ikatengenezwa.

Kabla ya somo lijalo, mwombeni jirani mwenye motokaa awaonyeshe kadi yake. Nakilini katika daftari namba ya chesisi, tarakimu kwa tarakimu, kisha mkailinganishe na ile iliyogongwa katika chuma cha motokaa yenyewe. Mje nayo darasani.