Kioo Kilichokataa Kutoka Mfupani

Mwaka nilioacha chuo, ndugu yangu mdogo alianguka na nduthi akavunjika muundi. Mfupa ulisagika, ukabaki na pengo. Karo yangu ya muhula ikaenda kwa ule mguu, na sijarudi darasani tangu hapo.

Daktari alikata kipande cha mfupa kwenye nyonga ya bro, akakijaza kwenye pengo. Mguu ulipona poa. Lakini baridi ikija, anachoshika ni nyonga. "Walifungua palipo pazima ndio wazibe palipoharibika," husema.

Hiyo sentensi ndiyo ilinifanya nianze kusoma. Kwani hakuna kitu cha kujaza pengo bila kumkata mtu mara mbili?

Kumbe watu wametafuta kitambo. Mwaka 1892, daktari Mjerumani, Dreesmann, aliandika kuhusu kujaza mashimo ya mifupa kwa plasta, jamaa ya ile tunayofungwa tukivunjika mkono. Shida ya plasta ni kwamba huyeyuka haraka, mara nyingi kabla mfupa mpya haujafika. Mwaka 1920, Mmarekani Fred Albee akajaribu fosfeti ya kalsiamu, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito wa mfupa ni madini ya aina hiyo.

Halafu kuna hadithi ya basi. Mwaka 1967, Larry Hench, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Florida, alikuwa safarini kwenda kongamano jimboni New York. Hakuwa daktari, kazi yake ilikuwa vioo na keramiki. Aliyekaa karibu naye alikuwa kanali aliyetoka Vietnam, alikoona wanajeshi wakikatwa miguu na mikono. Hench akamweleza kuhusu vifaa vyake vinavyostahimili mionzi. Kanali akamuuliza: je, unaweza kutengeneza kitu kitakachostahimili mwili wa binadamu?

Swali zito. Ukiweka chuma au plastiki mwilini, mwili huizungushia kovu, kama mtu anayejenga ukuta kati yake na jirani asiyemwamini. Hench akawaza: kama mfupa ni kalsiamu na fosfeti, mbona tusiupe kitu unachokijua? Akachanganya silika, sodiamu, kalsiamu na fosforasi, akapata kioo cha ajabu. Kikiguswa na majimaji ya mwili, uso wake huanza kuyeyuka na kujenga utando wa madini kama ya mfupa. Mfupa hushika hapo.

Mwaka 1969, daktari mwenzake, Ted Greenlee, aliweka vipande vya kioo hicho kwenye mapaja ya panya. Wiki sita baadaye akampigia Hench: havitoki. Alikuwa amevuta na kusukuma, wapi.

Leo vitu vya jamii hiyo vinauzwa vikiwa chembechembe au ujiuji wa kujaza mapengo. Lakini mfupa wa mtu mwenyewe bado ndio kipimo, kwa sababu una seli hai, kioo hakina. Kwa hivyo daktari wa bro hakukosea.

Nilimsimulia bro haya yote. Alinyamaza, akapapasa nyonga yake, akauliza, "Na huyo wa basi alilipwa?"