Mafuta yanaanguka hapa, lakini yametokea wapi? Kutafuta mvujo kwenye motere ya pikipiki ya zamani

Malalamiko haya yanajulikana kwa kila mumotari wa Butembo na Beni: motere inamwaga mafuta, fundi anapaka silikoni, siku tatu kiisha inamwaga tena. Anapaka ingine juu ya ile ya kwanza. Mwishoni motere yote imezungukwa na ukanda mwekundu au mweusi sawa kidonda kilichofungwa vibaya, na alama ya mafuta chini iko vilevile. Pesa imetoka mara tatu, lakini fasi ya mvujo haikutafutwa hata mara moja.

Tutazungumza zaidi juu ya pikipiki za zamani, kwa sababu njo zinasumbua, na pia kwa sababu motere yao haijafa. Honda CG 125 ilitoka mwaka 1976. Honda waliitengeneza kwa ajili ya nchi ambako watu wanabeba mizigo mingi na hawafanyi matengenezo mara kwa mara. Haina mnyororo wa kuzungusha valvu kule juu. Valvu zake zinasukumwa na fito mbili za chuma zinazopanda kutoka chini. Viwanda vya China viliiga motere hiyo kwa wingi, kwa hiyo pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba watu na magunia kwetu leo ni wajukuu wa CG. Halafu kuna Yamaha AG 100, ile ambayo wengi wanaikumbuka kwa mambo ya afya na ya kilimo vijijini. Ile ni ya aina nyingine kabisa, tutairudilia.

Kwa nini tone moja la mafuta litusumbue? CG inashika karibu lita moja tu. Lita hiyo ndiyo inalainisha pistoni, ambreyaji na vitesi, na inasaidia kupoza. Kutoka Butembo mpaka Beni ni kilometa 54 hivi. Butembo iko juu, inapita mita 1 700, na Beni iko chini sana kuliko pale. Kushuka si shida, lakini kurudi ni kupanda, na watu wawili nyuma pamoja na mzigo, motere inachemka. Ikikosa mafuta pale, pistoni inashika, gurudumu la nyuma linafunga, na abiria wote wanaanguka. Tena mafuta yanayotoka karibu na mnyororo yanaweza kufika kwenye mpira wa nyuma, na kona moja ya vumbi inatosha. Wale wanaotembea barabara ya Kasindi, au njia za pembeni ya Beni, wanajua wenyewe kama kuna fasi ambako mtu hapendi pikipiki imsimamishe.

Sasa kazi yenyewe. Mafuta hayaanguki pale yanapotokea. Yanashuka kwa uzito wake, na upepo wa safari unayasukuma nyuma. Tone unaloliona kwenye buloni ya vidanji linaweza kuwa limetoka juu kabisa, kwenye kifuniko cha valvu, likapita katikati ya mapezi ya silinda na kushuka pembeni. Ndiyo maana mtu anabadilisha jwenti ya chini na hakuna kitu kinabadilika. (Jwenti tunaita ile karatasi inayokaa kati ya vyuma viwili. Jwenti spi ni ule mpira wa mviringo unaozunguka ekseli inayotoka nje.)

Kwanza osha motere mpaka chuma kionekane. Gazoli kidogo na brashi, kiisha maji na sabuni, kiisha ikauke kabisa. Motere iwe baridi, na esansi usiitumie kuoshea pale penye cheche au mtu anavuta sigara. Ikikauka, paka poda ya mtoto juu ya motere yote. Kama poda hakuna, chaki iliyosagwa inafaa. Washa, tembea dakika tano au kumi, simama, angalia. Fasi ya kwanza poda inapogeuka nyeusi, ukianzia juu na mbele, njo mlango. Ukitembea nusu siku mbele ya kuangalia, mafuta yatakuwa yameenea kila fasi na utarudi kwenye kubahatisha.

Kabla ya kulaumu jwenti yoyote, kuna mambo matatu ambayo hayaombi pesa.

Angalia mnyororo. Wamotari wengi wanaumwagia mafuta machafu ya vidanji ili usikauke. Mnyororo unayarusha, yanashika nyuma ya motere, na kila mtu anasema jwenti spi imekufa. Mafuta ya mnyororo ni mazito, yana mchanga ndani, na yanakaa paka nyuma ya kifuniko cha pinyoni. Osha, acha siku moja bila kumwagia mnyororo, kiisha uangalie upya.

Angalia kipimo cha mafuta. Pikipiki isimame wima, isiegemee mguu wa pembeni. Kwenye CG unafuta kijiti, unakiingiza bila kukikaza, unakitoa, unasoma. Watu wanamwaga chupa nzima ya lita moja wakati wa vidanji, hata kama chini kulibaki kidogo, na motere inajaa kupita alama. Mafuta yakizidi yanapigwapigwa ndani, presha inapanda, na yanatafuta tundu popote.

La tatu watu wengi hawalijui: bomba la kupumulia. Pistoni ikishuka inasukuma hewa ndani ya karteri, na ile hewa inatokea kwenye kampira kadogo kanakopanda juu ya motere. Kampira hako kakipindwa chini ya kiti, kakijaa matope au nyigu wakajengea ndani, motere haina pua tena. Itapumulia kwenye jwenti. Toa kampira, pulizia kwa mdomo, hewa ipite bila shida. Tumeona motere iliyovuja fasi nne ikakauka kwa kuzibua tu, na fundi aliyekuwa amepaka silikoni siku iliyotangulia hakufurahi.

Kuna kipimo kingine kinachotokana na hicho. Motere ikiwaka polepole, legeza kifuniko cha kumwagia mafuta na uweke kiganja juu. Ukisikia pumzi ndogo inakuja na kurudi, ni kawaida. Ikipuliza kwa nguvu na kutoa moshi, segma za pistoni zimeisha, moto wa juu unashuka chini. Hapo usinunue jwenti. Hakuna itakayoshikilia. Pesa hiyo iwekwe kwa segma, au kwa silinda.

Kama yote hayo ni sawa, basi ni jwenti kweli, na poda imekuonyesha ni ipi.

Kwenye buloni ya vidanji, mara nyingi kosa ni rondela. Ni ya chuma laini, inajibana mara moja tu, na watu wanaitumia miaka. Badilisha. Karteri ni aluminiamu, kwa hiyo usikaze kwa kusimama juu ya ufunguo. Meno yakishaisha, buloni kubwa iliyolazimishwa ndani inapasua karteri. Peleka kwa fundi wa kuchonga vyuma akuwekee meno mapya.

Jwenti spi ya pinyoni, ile ya levye ya vitesi na ile ya kiki ndizo zinaisha zaidi kwetu, juu ya vumbi na matope. Habari njema, kwenye motere nyingi za aina hii zinatoka bila kufungua motere. Mumotari atakwambia hakuna ya pikipiki yake sokoni. Atazame vizuri: juu ya mpira kumeandikwa namba tatu, kwa mfano 20 34 7. Ya kwanza ni unene wa ekseli, ya pili ni upana wa tundu, ya tatu ni kimo cha mpira, vyote kwa milimeta. Ununue kwa namba, hata kama paketi ina jina la mashine ingine. Wakati wa kuingiza, ule upande wenye kachemchem kembamba uangalie ndani, kwenye mafuta. Paka girisi kwenye mdomo wa mpira, sukuma kwa kitu cha mviringo chenye upana sawa na mpira, si kwa bisibisi upande mmoja. Kama ekseli imechimbika mtaro pale mpira wa zamani ulipokuwa unasugua, mpira mpya usiuingize mpaka mwisho. Uache milimeta moja nyuma, ushike chuma kizima.

Jwenti za karatasi, huku wengi wanazikata wenyewe kwa kugongagonga pembeni na nyundo ndogo. Kazi ni nzuri kama karatasi ni ile ya jwenti. Katoni ya biskuti inanyonya mafuta, inavimba, kiisha inalegea. Mbele ya kufunga, kifuniko kiwe bapa: weka msasa laini juu ya kioo cha dirisha, sugua kifuniko taratibu kwa mzunguko. Fasi ambayo haing'ai ni shimo, endelea mpaka king'ae chote. Usikwangue kwa kisu. Mkwaruzo mmoja ni mfereji. Ukifungua upande wa ambreyaji wa CG, usafishe pia ile sahani inayozunguka mwishoni mwa ekseli kubwa. Ni chujio, na uchafu unagandamana ndani yake sawa udongo.

Silikoni yenyewe si adui. Utando mwembamba pale karteri mbili zinapokutana, ni sawa. Shida ni ile nyingi inayobanwa kuingia ndani, inakauka, inakatika vipande, inaenda kuziba chujio la chini au njia ya mafuta ya kwenda juu. Motere inakuwa kavu nje, na juu valvu zinaungua bila mtu kujua.

Jwenti ya chini ya silinda ina jambo lake. Ukiweka nene zaidi au nyembamba kuliko ya kwanza, silinda inapanda au inashuka, na fito za valvu hazifiki tena sawasawa. Pima upya nafasi ya valvu. CG ya Honda inaomba milimeta 0,08, motere ikiwa baridi. Nati za juu zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo.

Na mafuta gani? Ambreyaji inaogelea ndani ya mafuta yaleyale ya motere, kwa hiyo tafuta chupa yenye maandishi JASO MA, ya pikipiki. Mafuta mengine ya gari yanafanya ambreyaji iteleze. Yale mepesi kupita kiasi yanatoka hata kwenye jwenti nzima.

Turudi kwa AG 100. Hii haina mafuta chini ya pistoni. Mafuta ya pistoni yanatoka kwenye tanki yake ndogo na kuungua pamoja na esansi. Yale ya vitesi yanakaa kando. Kwa hiyo mvujo mbaya kabisa wa AG hauonekani chini. Ekseli kubwa ina jwenti spi mbili, kila upande moja. Ile ya upande wa ambreyaji ikiisha, motere inavuta mafuta ya vitesi na kuyaunguza: moshi mweupe mwingi, kipimo cha vitesi kinashuka, na chini ni kukavu. Ile ya upande wa umeme ikiisha, motere inavuta hewa. Inapanda mwendo yenyewe, haitaki kutulia ukiachilia gazi, inachemka, na pistoni inashika bila tone moja kuanguka. Pulizia maji ya sabuni pale nyuma ya volani ya umeme wakati motere inawaka. Sauti ikibadilika, umeipata. Ile ya upande huo inabadilishwa bila kupasua karteri, lakini volani itolewe kwa kivutio chake cha kufunga kwa meno. Ukiigonga na nyundo, ekseli inapinda, na jwenti mpya haitamaliza mwezi.