Saratani ya Kukutwa

Mzee wa Keroka anayeamka mara tano usiku kwenda haja ndogo, na mkojo wenyewe ukitoka kwa kudondoka, haendi hospitali kutafuta saratani. Anaenda kufunguliwa njia. Apelekwe hospitali ya rufaa ya Nyamira au ile ya Kisii, tezi dume ikiwa imevimba na dawa zimeshindwa, daktari wa upasuaji hupasua na kuitoa sehemu inayobana, au hupitisha kifaa katika mrija wa mkojo akaichonga kidogo kidogo. Hapo hutoka vipande vidogo, kama vile vinavyoanguka miguuni mwa wachongaji wa mawe kule Tabaka. Hutiwa formalini, hugandishwa ndani ya nta, hukatwa slesi nyembamba kuliko unywele, hutiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Humo ndimo wakati mwingine huonekana saratani ambayo hakuna aliyeishuku.

Tuiiteje? Mfasiri mwenye haraka ataandika “saratani ya bahati”, na msomi ataandika “saratani ya sadfa”. Yote mawili yanapotosha, kwa sababu yanaifanya ionekane kama jambo lililozuka siku ile ya upasuaji. Mimi nasema saratani ya kukutwa. Aliyekutwa ndani alikuwa ndani tayari, na aliyemkuta hakuwa akimtafuta. Hata mizani ya kimataifa ya TNM, inayopanga hatua za saratani, inatofautisha hivyo: ikionekana katika asilimia 5 au chini ya tishu iliyotolewa, ni T1a, ikizidi hapo, ni T1b. T1c ni ile iliyotafutwa kwa sindano, mara nyingi baada ya kipimo cha damu cha PSA kutia shaka.

Anayeikuta ni mwanapatholojia. Neno hili hututisha, maana magazetini tumezoea kulisoma panapokuwa na maiti. Lakini sehemu kubwa ya kazi yake ni tishu za watu walio hai, wanaosubiri majibu nyumbani.

Majibu yakisema hakuna saratani, mzee ashukuru, ila asiache kliniki. Saratani nyingi za tezi dume huanzia pembezoni, upande wa nyuma, na upasuaji huu hutoa sehemu ya katikati tu, kama chungwa lililotolewa nyama likabaki ganda. Ganda hilo bado laweza kuugua. Na saratani ikikutwa, haimaanishi kwamba atakatwa tena kesho. Ile ndogo na isiyo kali mara nyingi hufuatiliwa kwa vipimo. Kali huhitaji tiba mapema.

Lakini vipande vikitupwa, hakuna kitakachokutwa. Kwa hiyo, kabla mzee wako hajatoka wodini, uliza vimepelekwa maabara gani na majibu yatatoka lini. Siku hiyo ikifika, nenda ukayachukue, umpelekee daktari ayasome.