Kavana Si Nia: Rudisheni z Yangu

Mwaka jana nililetewa hapa Nambambo rasimu ya orodha ya istilahi za dini niisome na kutoa maoni, kwa kuwa niliwahi kufundisha Kiswahili na bado nahesabiwa miongoni mwa wazee wenye nafasi. Nilisoma kurasa zote. Nilipofika kwenye sala ya Kiyahudi nikakuta neno kavana limefasiriwa "umakinifu wa kihisia katika maombi", na chini yake maelezo kwamba umakinifu huo humletea mwombaji "ustawi wa kihisia". Nikaifunga rasimu, nikaenda kunywa maji.

Nilijibu kwa barua ya kurasa mbili, nikapendekeza neno mwelekezo. Rasimu ya pili ilipokuja neno langu lilikuwamo, ila limeandikwa mwelekeo. Mwenye kalamu nyekundu alidhani mzee amekosea tahajia! Nikaandika tena. Safari hii jibu lilikuja kwa simu: kamati inayoandaa orodha "imeridhia" mwelekeo kwa sababu ndilo "lililozoeleka". Limezoeleka, sikatai, kwa upepo na kwa bei ya korosho.

Msomaji wa ukurasa huu hana haja ya kufundishwa kavana ni kitu gani. Kila aliyewahi kusali huku akihesabu madeni yake anaijua kwa kuikosa. Tushughulike na neno. Kavana ni tunda la mzizi wa Kiebrania k-w-n, ndugu wa kana ya Kiarabu yenye maana ya kuwa. Kwa Kiebrania mzizi huo una maana ya kusimama imara, kuthibiti, na kitenzi chake kikikazwa kinakuwa kuelekeza, kulenga, kunyoosha kitu kiende pale unapotaka. Mishna, mkusanyo wa sheria za mdomo uliokamilishwa yapata mwaka 200, inasimulia kwamba wacha Mungu wa zamani walikuwa wakikaa saa nzima kabla ya kusali ili waielekeze mioyo yao kwa Mungu. Kitenzi kilichotumika hapo ndicho kilichozaa kavana, na kitenzi hicho kina mtendwa: moyo. Moyo hauendi wenyewe. Unapelekwa.

Ndiyo maana z hii si urembo. Elekea huzaa mwelekeo. Elekeza huzaa mwelekezo, kama ongoza inavyozaa mwongozo, neno ambalo chama cha TANU, kwa tamko lake la Mwongozo, kililitia katika kila kinywa mwaka 1971 bila mtu kulalamika kwamba lina z nyingi. Maji ya mto Mbwemkuru yana mwelekeo: yanashuka baharini, utake usitake. Mfereji anaouchimba mkulima kupeleka maji bustanini una mwelekezo. Anayesali kwa mwelekeo anasali kama mto. Kuna pia kitenzi eleka, kubeba mtoto mgongoni kwa mbeleko. Sithubutu kudai kwamba ni ndugu wa elekea, hiyo ni kazi ya wenye kamusi nene, lakini tangu nilipoyaweka maneno hayo mawili pamoja sijaweza kuyatenganisha. Moyo wa kusalia hubebwa hivyo, nao hulia na kutaka kushuka.

Yupo rafiki yangu, mwalimu wa madrasa, anayeona najisumbua bure maana nia ipo. Nia ni neno tukufu, na hoja yake ina uzito zaidi kuliko ya kamati. Lakini Mwislamu hunuia mlangoni mwa sala, penye takbira. Kinachoushika moyo wake ndani ya sala kina jina jingine, khushuu. Kavana ni mlango na chumba kwa pamoja: ni kukusudia kwamba sasa natimiza wajibu, kisha ni kuendelea kuyafuata maneno hadi la mwisho. Tukiita nia tunamwacha mwombaji kizingitini. Rafiki yangu alikubali nusu. Nusu ya mwalimu huyo ni zaidi ya kuridhia kwa kamati nzima.

Sasa huo "ustawi wa kihisia". Neno lev, moyo wa Kiebrania, ni mahali pa kuwaza na pa kuhisi vilevile, na wahenga wa Talmudi, mkusanyo wa mijadala juu ya Mishna, waliiita sala kazi ya moyo. Neno walilotumia kwa kazi, avoda, ni ndugu wa ibada yetu tuliyoipata kwa Waarabu. Sisi tumeihifadhi heshima yake tukasahau jasho. Kiswahili nacho hakijawahi kuugawa moyo. Moyo huniambia, moyo husita, moyo hutulia. Kamati imeupasua, ikachukua kipande cha hisia, ikakivika ki- na kukiambatisha kwenye ustawi, neno la mahindi yaliyopata mvua na la ofisi ya ustawi wa jamii. Nimeishi wilaya hii ya Nachingwea, nina jamaa Ruangwa, na sijamsikia mtu aliyeamka na moyo mzito akiuliza ustawi wake wa kihisia umekwenda wapi. Husema moyo haujatulia. Basi ni utulivu wa moyo. Kosa lao ni kwamba wametafsiri tafsiri; walianza na Kiingereza, Kiebrania hawakukigusa.

Tena wamegeuza mambo kichwa chini. Musa bin Maimuni, aliyezaliwa Kordoba mwaka 1138 na kufariki Misri mwaka 1204, alikuwa mwanasheria na tabibu wa Kiyahudi. Katika kitabu chake cha sheria anasema sala isiyo na kavana si sala, na aliyerudi safarini amechoka na fikra zimemvurugika asisali mpaka atulie, hata ikipita siku tatu. Kwa tabibu huyu utulivu unatangulia, mtu anaingia nao. Si dawa inayotolewa dirishani baada ya kusali.

Kinachopatikana ndani ya sala yenyewe ni kitu kingine, na hapa kamati haikuandika hata mstari. Amida, sala ya kusimama, kwa siku za kazi ina baraka 19 ingawa bado inaitwa Kumi na Nane. Tatu za kwanza ni sifa, tatu za mwisho zina shukrani na amani, na zile 13 za katikati ndizo haja: akili, toba, ugonjwa, mavuno ya mwaka, na kadhalika. Ugonjwa ni wa nane. Mtu mwenye mgonjwa nyumbani hawezi kuanza na mgonjwa wake. Anasubiri zamu, anamtaja, kisha analazimika kusonga mbele kwenye mvua na mazao, mpaka amalize na kurudi nyuma hatua tatu. Hofu imepewa nafasi yake na mipaka yake. Alasiri, kwa minha, itapata zamu tena. Jioni ni maarivi, ndugu wa magharibi yetu, na asubuhi ni shahariti, kutoka neno la alfajiri. Mara tatu kwa siku hofu inaitwa kwa jina, na mara tatu inaruhusiwa kuondoka. Lakini hayo hayafanyiki kama maneno yanajiendea na moyo uko sokoni. Wahenga walikuwa na neno la sala ya namna hiyo pia, keva, kitu kilichoganda, na Mishna inasema aliyeigandisha sala yake hajaomba.

Wasiotaka mfano wa mbali watazame Mbale, Uganda. Semei Kakungulu, jemadari aliyegeuka msomaji wa Agano la Kale, alianzisha jumuiya ya Abayudaya mwaka 1919, na mpaka leo wanasali kwa Kiebrania na Kiganda. Mishna yenyewe imeruhusu sala kwa lugha yoyote. Idi Amin alipopiga marufuku dini yao walisali kwa kujificha. Kisha Amin akaangushwa: Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na ya Waganda waliokuwa uhamishoni tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyohiyo Pasaka ya Kiyahudi iliingia. Mwaka 2008 Gershom Sizomu alitawazwa rabi huko Los Angeles akarudi kuwaongoza. Miaka ile ya kujificha hawakuwa na uhuru wa kukusanyika wala wa kupaza sauti. Walichobaki nacho, kamati ikiuliza, kilikuwa na z.

Na hoja hii nimeiweka mwisho kwa makusudi. Myahudi husali akielekea Yerusalemu. Ukisimama Nambambo, Yerusalemu iko kaskazini, imepinda kidogo tu kushoto. Maka nayo iko kaskazini, imepinda kidogo mno kulia. Myahudi na Mwislamu wakisali hapa uwanjani kwetu wangekaribia kugusana mabega. Mishna inaongeza kwamba aliye safarini asiyeweza kugeuza uso, aelekeze moyo. Kitenzi ni kilekile. Sijui kamati ingesemaje hapo: afanye moyo wake uwe na umakinifu wa kihisia kuelekea Yerusalemu?

Matumizi: mtu hutia mwelekezo, husali kwa mwelekezo, hupoteza mwelekezo, wingi mielekezo.

Nimeambiwa rasimu ya tatu iko njiani kwenda kiwandani. Namwomba mpiga chapa, ambaye hana kosa lolote katika haya, kwamba akikutana na neno langu asilisahihishe.