Vyombo vya Kushonea Mifarishi

Mfarishi ni tandiko la tabaka tatu, yaani uso wa vipande vya nguo vilivyoungwa, pamba, na bitana, zilizoshikamanishwa kwa mishono ipenyayo zote. Aushonaye nyumbani aghalabu hutosheka na mkasi mkali usiokata karatasi kamwe, rula, chaki, pini, pasi, sindano fupi nyembamba, uzi wa pamba na kastabini ya kukinga kidole. Cherehani, ijapokuwa huharakisha kazi, si sharti. Kisu cha gurudumu, kilichotolewa Japani na kampuni ya Olfa mwaka 1979, kimeondoa taabu kubwa, maadamu kina mkeka wake wa kukatia. Kilicho azizi zaidi ni kipimo: akiba ya mshono, yaani nguo inayoachwa kati ya mshono na ukingo, ambayo kwa desturi ni robo inchi, isipolingana, vipande, hata vikiwa vya nguo ya thamani, havikutani pembe. Fremu ya mbao hutumiwa baadaye, tabaka zikiisha kupigwa bandi.