Maana ya Ugomvi Kazini: Funzo la Mombasa, 1947



Kila mwaka twahesabu fedha zilizoingia na zilizotoka. Yatupasa pia kulitazama jambo lisiloandikwa daftarini, nalo ni ugomvi wa kazini: baina ya tajiri na mtumishi wake, au baina ya mkulima na kamati ya kiwanda cha kahawa. Wengi huuona kuwa ni aibu ya kufichwa. Historia yatufundisha vingine.

Mwaka 1939 makuli wa bandari ya Mombasa waligoma kwa sababu ya uchache wa mshahara. Onyo hilo halikutiwa maanani ipasavyo. Kisha vita vikapandisha bei ya vyakula na kodi ya vyumba, na mshahara ukabaki nyuma. Ndipo tarehe 13 Januari 1947 watu wapatao 15,000 walipoacha kazi: makuli, watu wa reli, wa mahoteli, hata watumishi wa nyumbani. Walidai nyongeza, na kwamba wafanyao kazi moja walipwe sawasawa pasipo kutazama rangi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Baada ya siku 12 hivi Bwana Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, aliwasihi warudi kazini, nao wakarudi kwa ahadi ya kusikilizwa. Baraza la uchunguzi likaongeza mishahara. Lakini mwezi wa Agosti kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa, akahamishiwa Baringo, akazuiliwa huko miaka 10 hivi. Madai yakakubaliwa kwa sehemu, na aliyeyasema akaadhibiwa. Twaona basi kwamba kumnyamazisha msemaji si kumaliza ugomvi: mwaka 1955 bandari ile iligoma tena.

Hatimaye njia bora ilipatikana. Mwezi wa Oktoba 1962, Tom Mboya akiwa Waziri wa Kazi, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia sahihi mkataba wa kuzungumza kwanza kabla ya kugoma au kufunga milango. Mwaka 1964 ikaanzishwa Mahakama ya Viwanda.

Sisi wa Meru hatukuwa wageni wa hekima hiyo. Njuri Ncheke husikiliza pande zote mbili kabla ya kukata shauri. Nayo kahawa, ambayo Waafrika walikatazwa kuilima mpaka ruhusa ilipoanza kutolewa katika miaka ya 1930 huko Kisii, Embu na kwetu, imetuletea mali pamoja na maswali ya mizani na malipo.

Kwa hiyo, mkulima wa Kanyakine aulizapo juu ya kilo zake, asiitwe mchochezi. Afunguliwe daftari, aonyeshwe hesabu. Na yeye muulizaji aseme kwa adabu, akubali hesabu iliyo ya haki. Ugomvi unaosikilizwa mapema hujenga chama. Unaozimwa kwa nguvu hurudi ukiwa mkubwa zaidi.