Mtaa wako unaweza himili tetemeko? Cheki hizi vitu 4

Wengi wetu Kanairo hudhani tetemeko la ardhi ni stori ya Japani. Lakini Bonde la Ufa liko hapa tu karibu, na Januari 6, 1928, Subukia ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 6.9. Kwa hivyo kabla ulipe deposit ya keja, kuwa rada:

1. Udongo. Mwamba hutingika kidogo. Udongo laini, kama ule mweusi wa Embakasi hunata kwa viatu mvua ikinyesha, huweza kuongeza mtikisiko.

2. Ghorofa ya chini. Kama ni maduka wazi yenye nguzo nyembamba na kuta chache, hapo ndio jengo huvunjikia kwanza.

3. Ujenzi. Ile ploti ya Huruma ilianguka Aprili 2016, ikaua karibu watu 50, na hakukuwa na tetemeko lolote. Ukiona nguzo zina nyufa ama landlodi anaongeza ghorofa juu, hiyo ni ngori.

4. Nafasi. Ploti zikibanana, zikitikiswa zinagongana. Na je, ambulensi itapita? Kuna uwanja wa kukimbilia?

Kabla uhamie, uliza keateka kama jengo lina kibali cha kaunti. Akianza kukuzungusha, tafuta keja kwingine.